Mtafiti wa elimu ya mazingira hahesabu miche

Shuka ufukweni Deep Sea, Tanga, na daftari mkononi, mama wa samaki atakuuliza, "Mwanangu, leo mnapanda mikoko mingapi?" Wengi hudhani utafiti wa elimu ya mazingira ni kupanda miti, kuokota plastiki na kuhesabu waliohudhuria semina. Sivyo. Unachunguza watu wanavyojifunza, na kwa nini wanachokijua mara nyingi hawakitendi.

Chukua uvuvi wa baruti. Mzee mmoja, huku akishona wavu wake, alinieleza jinsi mlipuko unavyovunja matumbawe, tena vizuri kuliko kitabu changu. Mhadhara wa nini hapo? Uliza deni la mashine ya boti, bei ya mnadani, na nani mwenye usemi pwani. Hata mkutano wa kimataifa wa elimu ya mazingira uliofanyika Tbilisi, Georgia, mwaka 1977 ulitaja mitazamo, stadi na ushiriki, si maarifa peke yake.

Sisi tunaoanza kazi hii (nami nimo) ndio tunaobanwa: muda wa kukaa uwandani ni mfupi, na mfadhili anataka "mabadiliko ya tabia" kwa namba. Miche huhesabika. Mzee akimsahihisha mtafiti, unaliandika katika safu gani ya ripoti?