Mudi ya chini: pale mwili unaponuna bila kuudhiwa na mtu

Neno kununa wote tunalijua. Mwanamke akikaa kimya siku mbili tatu, hataki kusuka, hataki wageni, akiulizwa anajibu kwa mkato, watu wanasema huyu kanuna, kuna mtu kamuudhi. Na yeye mwenyewe anaanza kumtafuta huyo mtu, ni mume, ni wifi, ni bosi kazini? Anatafuta weee hamuoni. Hakuna aliyemuudhi. Hiyo ndo hali nataka kuielezea hapa, siku hizi tunaiita mudi ya chini, na wanawake wengi wanaibeba miaka na miaka wakidhani ni tabia yao au imani imepungua au wamekuwa wavivu.

Mudi ni hali ya moyo inayokaa. Hasira ina mtu wake, huzuni ina msiba wake, lakini mudi haina mwenyewe, unaamka nayo tu asubuhi. Sonona, yaani depression, tuliyozoea kusimuliwa ni ya mtu asiyekula, asiyelala, anakonda mpaka nguo zinamvuka. Ila kuna hii nyingine ambayo unakula, tena unakula kweli, mkate, chapati, viazi, chai ya sukari nyingi, unalala masaa 10 na unaamka umechoka kama ulikuwa unalima usiku, kitu kidogo kinakukera, kichwa kizito, unaingia chumbani kuchukua kitu unasahau ulifuata nini. Watu hawakuiti mgonjwa coz unakula na unaenda kazini. Wanakuita mvivu.

Mi niliijua hii kitu nilipohamia Seattle, kaskazini magharibi ya Marekani. Nimekulia Tanga, jua kwangu lilikuwa kitu cha kukimbia, unatafuta kivuli cha mwembe. Sasa huku mwezi wa 12 jua linatoka karibu saa 2 asubuhi na ikifika saa 10 na dakika 20 jioni limeshazama, saa 10 ambayo nyumbani watu ndo kwanza wanatoka kuswali alasiri na jua bado linachoma. Katikati hapo ni mawingu na manyunyu. Nilikuwa na shifti ya kulea wazee, naingia giza natoka giza, na kufika mwezi wa pili nilikuwa nalia jikoni nikimenya vitunguu hata kabla sijavikata. Mama akipiga simu ananiuliza, mwanangu nani kakufanya nini huko? Nikawa sina jibu, na ile kukosa jibu ndo iliniumiza zaidi.

Madaktari wana jina la sonona inayokuja na majira ya baridi na kuondoka yenyewe siku zikirefuka, wanaiita seasonal affective disorder, yaani sonona ya majira. Aliyeielezea kwa mara ya kwanza kitaalamu, mwaka 1984, ni Norman Rosenthal, daktari wa akili mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alipohamia Marekani alijiona mwenyewe akififia kila baridi ikiingia. Inawapata wanawake zaidi ya wanaume. Lakini nisingependa dada aliyeko Dar au Mombasa aone hili halimhusu, nitarudi kwake.

Hapo hapo Seattle, kwenye chuo kikuu cha Washington, kulikuwa na profesa wa uuguzi anaitwa Marie-Annette Brown ambaye na wenzake walijaribu programu waliyoiita LEVITY, jina lenye maana ya wepesi. Waliichapisha mwaka 2001. Walichukua wanawake 112 wa miaka 19 mpaka 78, wote wenye sonona ndogo au ya kati, wakawafuatilia wiki 8. Kundi moja lilifanya vitu vitatu kwa pamoja: kutembea nje kwa kasi dakika 20 siku tano za wiki, kuongeza mwanga mchana kutwa, na kumeza vitamini maalum kila siku. Kundi la pili lilipewa kidonge kitupu kisicho na vitamini, cha kulinganishia tu. Waliokuwa kwenye programu waliimarika zaidi, mudi na jinsi wanavyojiona. Udhaifu wake nao tuuseme, vitu vitatu vilitolewa pamoja kwa hiyo huwezi kujua kipi hasa kilifanya kazi, na mtu anayetembea anajua kabisa yuko kundi gani. Hata hivyo mi naiona ina akili sana kwa sababu haikumwambia mwanamke ajaribu kufurahi. Ilimwambia atoke nje.

Tuanze na mwanga maana hapa ndo watu wanachanganya. Kuna mwanga wa macho na kuna jua la ngozi, ni kazi mbili tofauti kabisa. Ndani ya jicho, nyuma kule, kuna seli ambazo kazi yake kubwa sio kukuonyesha vitu, zinapima tu mwanga na kupeleka taarifa kwenye saa ya mwili iliyoko kwenye ubongo. Ziligundulika kwa binadamu na wanyama wenzetu miaka ya karibuni tu, utafiti mkubwa ulitoka 2002. Asubuhi zikipata mwanga mwingi saa inazima melatonini, ile homoni ya usiku, unachangamka, na usiku melatonini inarudi kwa wakati unalala vizuri. Zikikosa mwanga saa inachelewa, saa ya ukutani inasema mchana lakini mwili wako bado uko usiku, ndo maana ya ule uzito.

Na macho yanatudanganya. Ukiwa sebuleni umewasha taa unaona kuna mwanga wa kutosha, kumbe ni laksi 100 mpaka 500 hivi, laksi ni kipimo cha mwanga. Ukitoka nje hata kama kuna mawingu mazito unapata elfu kadhaa, na mchana wa jua kali inafika 100,000. Zile taa maalum za tiba wanazouza huku zina laksi 10,000 na mtu anakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi. Kwa hiyo siku ya mawingu nje inaishinda taa ya ndani mara nyingi sana, na hili ndilo lililonifanya nikanunua koti la mvua badala ya kusubiri hali ya hewa itulie. Huhitaji kulitazama jua, tena usilitazame, inaumiza macho, wewe kuwa nje tu inatosha. Na kama ni mwanamke wa buibui au hijabu, macho yako wazi, mwanga unaupata sawa na mwingine yeyote.

Sasa dada wa Dar. Anaamka saa 11 alfajiri giza bado, anagombania daladala, anaingia ofisini pazia limefungwa AC inavuma, chakula cha mchana anakula mezani kwake, anatoka saa 12 giza linaingia, foleni, nyumbani saa 2 usiku. Anaishi kwenye nchi ya jua masaa 12 mwaka mzima na macho yake hayajaliona hilo jua wiki nzima. Na binti wa kazi za ndani pale Muscat au Dubai ambaye hatoki getini ni vilevile, pengine zaidi.

Kutembea. Hapa ni kutembea kwa kasi, sio kuzungukazunguka dukani. Kipimo rahisi ni kwamba unaweza kuongea na mwenzio lakini huwezi kumwimbia wimbo. Programu ile ililenga asilimia 60 ya mapigo ya juu ya moyo, ambayo kwa hesabu ya kawaida unachukua 220 unatoa umri wako, mwenye miaka 40 anabaki na 180, asilimia 60 yake ni mapigo 108 kwa dakika. Sio mbio hizo, hata mtu mnene au asiyezoea mazoezi anaweza. Wapo watakaosema mi kutwa nzima natembea humu ndani, nafua, nadeki, napika. Ni kazi kubwa na inachosha kweli, lakini unasimama kila dakika, uko ndani, na kichwa kinahesabu mchele. Zile dakika 20 ni miguu inaenda mfululizo na hakuna anayekuita mama fulani.

Ila hapa niseme kitu kinaniuma nikiona ushauri wa afya unarushwa kwa kila mwanamke sawasawa. Mama wa kijijini anayefuata maji kilomita tatu na ndoo kichwani, anayelima na mtoto mgongoni, huyo ameshatembea na jua ameshalipata. Usimwambie aongeze mazoezi. Akiwa na mudi ya chini huyo muulize damu yake, usingizi wake, chakula anabakiwa na kipi baada ya kupakulia wote, na kama kuna anayempiga nyumbani.

Vitamini nitapita haraka, maana hapa ndo biashara nyingi. Ile programu ilitumia B1, B2 na B6 miligramu 50 kila moja, foliki asidi mikrogramu 400, vitamini D uniti 400 na seleniamu mikrogramu 200. Wazo lake ni kwamba ubongo unahitaji hizi B kutengeneza serotonini na kemikali nyingine za mudi, ukipungukiwa kiwanda kinasuasua. Lakini kama hujapungukiwa, kuongeza hakukuongezei furaha. Mwaka 2020 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa Marekani, watu zaidi ya 18,000 wa miaka 50 na kuendelea, waliopewa vitamini D kwa miaka mitano hivi, na haikuwazuia kupata sonona. Na B6 ikizidi muda mrefu inaharibu neva, unapata ganzi mikononi na miguuni, wataalamu wa Ulaya wameshusha kiwango cha juu mpaka miligramu 12 kwa siku, chini sana ya ile 50. Kwa hiyo usichukue orodha hiyo ukaenda nayo duka la dawa.

Ninachoshauri ni kupima kwanza. Wanawake wengi tuna upungufu wa damu kwa ajili ya hedhi na uzazi, na uchovu wake unafanana kabisa na mudi ya chini. Tezi ya shingoni nayo ikilegea hivyohivyo. Vitamini D inatengenezwa na ngozi, sio macho, na ngozi nyeusi inahitaji jua la muda mrefu zaidi, na kioo cha dirisha kinazuia miale inayohusika, ndo maana sisi tulioko Ulaya na Marekani ya kaskazini tunaishiwa, na hata wanawake wa Ghuba wanaojifunika au kukaa ndani wanaonekana nayo chini japo jua lipo tele. Uingereza wanashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku mwaka mzima. Zilizobaki ziko kwenye sahani, mchicha, kunde, maharage, maini, mayai, dagaa, vibua.

Sasa mipaka yake. Haya yote ni kwa mudi ya chini na sonona ndogo. Kama imekaa zaidi ya wiki mbili na huwezi kufanya kazi, kama umejifungua karibuni na hujisikii chochote kwa mtoto, kama mawazo ya kufa yanapita kichwani, hiyo sio ya kutembea peke yako, hiyo ni ya hospitali leo hii, na ukiwa Marekani namba ni 988 usiku na mchana. Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye mudi inayopanda juu sana na kushuka, asinunue taa ya tiba bila daktari, inaweza kumrusha juu zaidi.

Na ukifika kwa daktari usiseme tu nimechoka, wote tunachoka na atakuandikia panadol. Mwambie unalala masaa mangapi, unaamka vipi, ilianza mwezi gani, hedhi yako ikoje, mara ya mwisho kukaa nje mchana ilikuwa lini. Omba apime wingi wa damu na tezi. Kama unaona aibu kuongea, iandike kwenye simu umpe asome.