Mbawakawa mwekundu hali sukuma wiki yako

Kwenye bustani nyingi za Dodoma, mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi akionekana juu ya sukuma wiki huuawa papo hapo. Eti ndiye anayekunja majani. Sivyo. Majani hukunjwa na vidukari, wale wadudu mafuta wanaofyonza utomvu upande wa chini. Yeye amewafuata awale. Buu lake humaliza makumi kwa siku. (Wa kumhofia ni ndugu yake mwenye vinyweleo, asiyeng'aa, mtafunaji wa majani ya maboga.)

Vidukari wakizidi, nyunyizia jioni maji yenye sabuni kidogo, kwani juani yataunguza majani. Lenga chini ya jani, na ruka penye mabuu: sabuni humuua yeyote inayemgusa akiwa na mwili laini.