Makatibu wa vikundi, naomba tuongee kuhusu muhtasari wa kikao

Ndugu zangu makatibu, wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), wa akina mama wa dagaa pale Kibirizi na Katonga, wa mawese, wa bodaboda, hili ni lenu. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii hapa Kigoma, na kazi inayonila muda kuliko zote ni kusuluhisha watu waliokaa kikao kimoja, wakakubaliana jambo moja, wakapiga na makofi, alafu miezi miwili baadae kila mtu anakumbuka lake. Naomba daftari nakuta imeandikwa "wajumbe walijadili kwa kina na kukubaliana". Walikubaliana nini sasa?

Mnakumbuka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Dagaa wakaadimika na marejesho ya mikopo yakawa shida kwenye vikundi vingi. Kikundi kimoja kikakaa, kikaamua wenye mikopo wapunguziwe mpaka ziwa lifunguliwe, uamuzi mzuri kabisa na wa huruma, ila katibu akaandika "kikao kimeridhia wenye mikopo wapunguziwe marejesho" akafunga daftari. Wapunguziwe shilingi ngapi, kuanzia wiki gani, na ile iliyopunguzwa imesamehewa au inalipwa baadae, hamna. Agosti ilipofika mweka hazina anadai yote kwa mkupuo, wanachama wanasema walisamehewa, na wote wanaapa kabisa. Watu waliokuwa wanaanika dagaa chanja moja wakawa hawasalimiani, na iliniuma kwa sababu hakuna aliyekuwa mwizi pale.

Azimio lile lilitakiwa lisomeke hivi: "Kila mwenye mkopo atalipa sh. 5,000 kwa wiki badala ya sh. 15,000, kuanzia Jumatatu 20 Mei hadi Jumatatu 12 Agosti 2024, yaani wiki 13. Pengo la sh. 130,000 halijasamehewa, litalipwa kwa kuongeza sh. 5,000 kila wiki kuanzia 19 Agosti. Mweka hazina atarekebisha kadi za wanachama kabla ya kikao kijacho." Ukisoma hapo unajua nani anafanya nini, kiasi gani na mwisho lini. Mtu ambae hakuwepo kabisa akisoma anaelewa, na hicho ndo kipimo changu mimi.

Makatibu wengi wanachoka kwa sababu wanataka kuandika kila neno, mama fulani kasema hivi, mzee fulani kajibu vile. Acha. Andika hoja kwa kifupi, sababu kubwa zilizotolewa, alafu uamuzi. Jina la msemaji liandike kama kapewa kazi, au kapinga na kaomba upinzani wake uingie kwenye kumbukumbu. Mimi kwenye daftari la rafu naandika ajenda zote kabla watu hawajafika, kila ajenda naiachia nusu ukurasa, na kila uamuzi naupigia nyota pembeni ili nisiutafute usiku. Na mazungumzo yakienda mbio nyoosha mkono, "Mwenyekiti naomba nisome nilichoandika kabla hatujaenda ajenda nyingine". Wengine wanaona aibu hapa lakini ndo dakika muhimu kuliko zote, kwa sababu ukisoma kwa sauti utasikia mtu anasema aah sio elfu tano, tulisema elfu saba, na mnamalizana hapohapo. Nakili kwenye kaunta buku siku ileile, kesho utaanza kukisia.

Juu ya muhtasari kuna vile vya kawaida, tarehe, mahali, saa ya kufungua na kufunga, waliohudhuria, wenye udhuru, na kama akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, ilitimia kwa mujibu wa katiba yenu. Msiviruke, kwa sababu ukienda benki kubadilisha watia saini wa akaunti wanauliza muhtasari, na hata mkopo wa halmashauri ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani tunahitaji kuona kikao kilichoridhia kukopa.

Kuhusu saini niko mkali. Karatasi ya mahudhurio ikibaki na mistari mitupu ipige mstari wa kukata mpaka chini, na usikubali kabisa kusaini karatasi tupu eti muhtasari utaandikwa baadae, maana hapo saini zenu zinaweza kubandikwa kwenye uamuzi ambao hamjawahi kuufanya. Ukikosea usifute na whaiti, kata kwa mstari mmoja neno lisomeke, andika sahihi pembeni, weka saini. Kurekodi kwa simu inasaidia ila waombe ruhusa wajumbe kwanza.

Muhtasari unathibitishwa kikao kinachofuata, unasomwa, unasahihishwa, mwenyekiti na katibu wanasaini, ndo mnaingia kwenye yatokanayo kuuliza kila aliyepewa kazi kaifikisha wapi. Na katibu akimaliza muda wake au akihama, akabidhi daftari mbele ya wajumbe wote, sio kuliacha nyumbani kwa shemeji, na makabidhiano hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa siku hiyo.