Printa ya bei rahisi na katriji ya mililita mbili

Katriji nyeusi ya HP 305, ile inayoingia kwenye DeskJet 2320, 2710 na 2720, ina mililita 2 za wino. Kijiko cha chai kinabeba 5. HP yenyewe inakadiria kwamba katriji hiyo itatoa kurasa 120. Chupa nyeusi ya Epson 103, inayotiwa kwenye L3110, L3150 na L3250, ina mililita 65, na Epson inakadiria kurasa 4,500. Gawanya mwenyewe: mashine zote mbili zinatumia wino unaokaribiana kwa ukurasa, kama mililita 0.017 kwa ile ya HP na 0.014 kwa ile ya Epson. Kwa hiyo anayelalamika kwamba printa yake "inakunywa wino" mara nyingi anailaumu mashine bure. Kinachomuumiza ni bei ya kila mililita, na bei hiyo hupangwa na kampuni iliyohakikisha kwamba hakuna wino wa mwingine utakaokubaliwa ndani ya mashine aliyoinunua kwa fedha yake.

Ninatengeneza printa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini mashine inakataa katriji ambayo wiki iliyopita ilifanya kazi vizuri. Jibu limo katika jinsi biashara hii ilivyojengwa. Printa ndogo huuzwa kwa faida ndogo sana au kwa hasara, na fedha hurudishwa kupitia wino. Hiyo si siri. Januari 2024 Enrique Lores, aliyekuwa mkuu wa HP, aliieleza televisheni ya CNBC kwamba kila mteja anayenunua printa ni uwekezaji kwa kampuni, na kwamba asiyeprinti vya kutosha au asiyetumia wino wao ni uwekezaji mbaya. Aliongeza kwamba lengo la muda mrefu ni kuprinti kuwe huduma ya kulipia kila mwezi.

Kufuli lenyewe ni chipu ndogo iliyobandikwa kwenye katriji, pamoja na femuwea, yaani programu inayoendesha mashine kutoka ndani. Ukiwasha printa, femuwea inaihoji chipu. Jibu lisiporidhisha, mashine haiprinti, hata kama wino umejaa na ni mzuri. Na kwa kuwa femuwea inabadilishwa kupitia intaneti, katriji iliyokubalika jana inaweza kukataliwa leo bila wewe kugusa kitu. Tarehe 13 Septemba 2016 ndivyo ilivyotokea kwa wenye OfficeJet nyingi za HP duniani: katriji za kampuni nyingine zilikataliwa siku moja, kwa sababu sharti hilo lilikuwa limeshawekwa ndani ya femuwea likisubiri tarehe. HP iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri na ikatoa femuwea ya kuliondoa, lakini utaratibu wenyewe, unaoitwa Dynamic Security, umeendelea hadi leo. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya yuro milioni 10 kwa kutowajulisha wanunuzi kuhusu vizuizi hivyo.

Tunaambiwa chipu ipo kwa ajili ya ubora. Mwanzoni mwa 2022 chipu ziliadimika duniani, na Canon ikalazimika kuuza tona (unga unaotumiwa na printa za leza badala ya wino) zisizo na chipu kwa mashine zake kubwa za ofisini. Kampuni hiyohiyo, nchini Ujerumani, iliwaelekeza wateja jinsi ya kulipita onyo la kwamba tona si halisi, na ikaeleza kwamba ubora wa kuprinti hauathiriki. Kilichopotea kilikuwa kipimo cha tona iliyobaki. Sina ushahidi bora zaidi ya huo wa kumwonyesha mteja.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark ya Mei 2017, kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi tena kutumia hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, kumzuia mtu kuijaza upya na kuiuza. Sheria hiyo inamlinda mjazaji asishtakiwe. Haiilazimishi mashine ikubali katriji iliyojazwa.

Mashine zenye herufi "e" na zile za kulipia kila mwezi

Hapa Afrika Mashariki wengi hukutana na jambo hili kupitia mashine iliyotumwa na ndugu kutoka Uingereza, Ujerumani au Marekani. Soma jina la modeli hadi mwisho. DeskJet 2720e si sawa na 2720, na LaserJet M110we si sawa na M110w. Hiyo "e" inamaanisha mashine imeandaliwa kwa ajili ya mpango wa HP unaoitwa HP+. Ukiikubali HP+ wakati wa kuisajili, umekubali mambo matatu: uwe na akaunti ya HP, mashine iunganishwe na intaneti muda wote, na itumie wino au tona halisi za HP pekee kwa maisha yake yote. Ukishaiwasha, hairudi nyuma. Kinachovutia ni miezi kadhaa ya wino wa bure na muda mrefu zaidi wa dhamana. Kwa mtu wa Mwanza au Kisumu, ambako bando likiisha nyumba nzima inakaa bila intaneti, sioni jinsi ofa hiyo inavyofaa. Wakati wa kusajili, chagua kuendelea bila HP+. Skrini itakuuliza zaidi ya mara moja. Shikilia jibu lako.

Instant Ink ni mkataba mwingine. Unalipia idadi ya kurasa kwa mwezi, si wino, na ukurasa wenye nukta moja unahesabiwa sawa na picha iliyojaa. Katriji zinatumwa nyumbani lakini zinabaki mali ya HP. Ukikatisha mkataba, mwisho wa kipindi ulicholipia zinafungwa kwa mbali, hata kama zimejaa. Ndiyo maana printa ya mtumba inayokuja na katriji za Instant Ink ndani isikuhadae: hesabu kwamba umenunua printa isiyo na wino.

Februari 2024 HP ilikwenda mbali zaidi Marekani kwa kukodisha printa yenyewe. Kifurushi cha chini kilianza kwa dola 6.99 kwa mwezi kwa kurasa 20, mkataba wa miaka miwili. Hizo ni dola 167.76 kwa miaka miwili, senti 35 kwa ukurasa kama unatumia kurasa zako zote, na mwishoni mashine si yako.

Jambo la mwisho kuhusu mashine za nje: HP hugawa dunia katika kanda. DeskJet ya jamii ya 2700 iliyonunuliwa Amerika Kaskazini hutumia katriji 67, ya Ulaya na kwetu 305, na ingawa zinafanana kwa umbo haziingiliani. Kabla ndugu hajalipia usafirishaji, tafuta kwanza kama katriji yake inapatikana madukani mwako.

Wino unakwenda wapi

Zile kurasa 120 hupimwa kwa kanuni ya ISO/IEC 24711: kurasa maalumu za majaribio, zikiprintiwa mfululizo. Mtu wa kawaida anaprinti kurasa tatu Jumatatu na mbili Ijumaa. Kila mashine inapoamka hujisafisha kichwa, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, kwa kunyonya wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani. Kwa anayeprinti mara chache, sehemu kubwa ya wino aliolipia inaishia huko.

Tabia moja inaharibu wino na vichwa vya printa kuliko zote: kuzima printa ukutani au kwenye ekstensheni. Ukizima kwa kitufe chake, kichwa kinarudi pembeni na kufunikwa na kofia ya mpira inayokizuia kukauka. Ukikata umeme katikati ya kazi, kichwa kinabaki wazi, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa matundu yake yanaziba ndani ya siku chache. Umeme ukikatika wakati wa kuprinti, usisubiri kesho. Mara unaporudi, washa mashine, iache imalize kujipanga, kisha izime kwa kitufe. Na kila wiki printi ukurasa mmoja wenye rangi zote. Unagharimu kidogo kuliko kusafisha kichwa mara moja.

Kwa mashine uliyonayo tayari

Kwenye DeskJet za katriji mbili, moja ikiisha kabisa, itoe. Mashine itaendelea kuprinti kwa ile iliyobaki. Wengi hununua katriji ya rangi ili tu waprinti barua nyeusi, na hawakuhitaji. Kwenye mipangilio ya kuprinti chagua "Black Ink Only", kwa sababu kuchagua kijivu tu kunaweza kuendelea kuchanganya rangi. Kwenye Canon PIXMA ndogo za katriji mbili zinazoonyesha E13 au E16, bonyeza kitufe cha Stop kwa sekunde 5 au zaidi, uachie. Kipimo cha wino kinazimwa na kazi inaendelea.

Onyo la wino kidogo kwenye katriji hizi ni makadirio ya matone yaliyorushwa, halipimi kilichomo. Endelea hadi maandishi yaanze kufifia. Hapo simama, usiprinti hata ukurasa mmoja zaidi kama unakusudia kuijaza: kichwa cha HP na Canon hurusha wino kwa joto, na wino huohuo ndio unaokipoza. Kikirusha kikiwa kikavu kinaungua, na katriji iliyoungua haijazwi.

Kujaza HP 123, 652 au 305 nyeusi: bandua lebo ya juu, tafuta tundu, ingiza sindano ndani ya sponji na usukume mililita 3 hadi 5 polepole. Wino ukichungulia kwenye tundu, vuta nyuma kidogo. Iweke katriji juu ya tishu yenye unyevu, sehemu ya kichwa ikiwa chini, hadi iache mstari ulionyooka. Rudisha lebo bila kuziba njia ya hewa. Kwa katriji ya rangi usiamini picha za mtandaoni kuhusu tundu la rangi ipi. Chovya kijiti cha meno katika kila tundu uone mwenyewe. Mashine itasema katriji imetumika au ni tupu. Bonyeza OK.

Kama printa ya HP imeunganishwa na Wi-Fi, fungua anwani yake ya IP kwenye kivinjari, nenda kwenye sehemu ya masasisho na uzime yanayojiweka yenyewe. Humo humo zima "Cartridge Protection", la sivyo katriji itafungwa kwa mashine hiyo moja na haitafanya kazi kwingine. Kuzima masasisho kuna gharama yake, kwani marekebisho ya usalama hayataingia pia. Kwa hiyo mashine hiyo itumie kwa waya wa USB pale inapowezekana.

Printa za tangi nazo zina mtego wao

Napendekeza printa za tangi, zile zinazotiwa wino wa chupa kama L3110, kwa walimu, stesheneri na wote wanaofikisha kurasa mia kadhaa kwa mwezi. Lakini zisiuzwe kana kwamba hazina mtego. Wino unaomwagwa wakati wa kujisafisha hukusanywa kwenye sponji, na mashine huhesabu. Hesabu ikifika kikomo, Epson husimama na kusema sponji imemaliza muda wake. Canon za G za zamani huonyesha 5B00. Kwenye mtandao zipo programu za kurudisha hesabu sifuri, nyingi zimebeba virusi. Kubwa zaidi, kurudisha hesabu bila kubadilisha sponji ni kukubali wino umwagike juu ya meza baada ya miezi. Kwenye L3110 kisanduku cha sponji kiko nyuma, na mtu mwenye bisibisi anaweza kukitoa. Badilisha sponji kwanza, hesabu baadaye. Nafuu iko kwenye modeli zenye kisanduku ambacho mtumiaji anakinunua na kukibadilisha mwenyewe: Epson L6160 na L6190 hutumia T04D1, Canon G2020 na G3020 hutumia MC-G02.

Usiache tangi lishuke chini ya mstari wa chini. Hewa ikiingia kwenye mipira inayopeleka wino kichwani, kusafisha kwa kawaida hakutoshi. Safisha, angalia ukurasa wa majaribio, na ikishindikana zima mashine uiache saa 12 bila kuigusa, kisha rudia. "Power Cleaning" ni hatua ya mwisho. Matangi yote yawe na wino angalau theluthi moja, maana inabadilisha wino wote uliomo kwenye mipira na kuijaza sponji haraka.

Wino wa kupima kwa lita nao uangalie. Nyeusi ya HP GT53 na ya Canon GI-490 ni wino wa pigimenti, yaani chembechembe za rangi zinazoelea. Rangi nyingine za mashine hizo zimeyeyushwa. Ukichanganya aina hizo mbili katika tangi moja, wino unaweza kuganda na kuziba kichwa. Kwa Epson uharibifu huo ni mzito zaidi, kwani kichwa kimejengwa ndani ya mashine na kukibadilisha kunakaribia bei ya mashine nyingine.

Anayeprinti kurasa ishirini au thelathini kwa mwezi, nyeusi tupu, namwambia anunue leza. Tona ni unga, haikauki hata ukisafiri miezi miwili. LaserJet 1020 ya zamani, yenye tona 12A ya kurasa 2,000, na P1102 yenye 85A ya kurasa 1,600, bado zinauzwa za mtumba, na mafundi wengi wanajua kuzijaza. Ukinunua mpya, muulize muuzaji tona iliyomo kwenye boksi ni ya kurasa ngapi. HP Laser 107a huja na ya kurasa 500, wakati ile utakayonunua baadaye, 106A, ni ya 1,000. Uliza bei ya hiyo 106A kabla hujalipia mashine.