Kikiwasha sio kwamba kinafanya kazi: maswali kuhusu dawa za asili za nywele

Nafanya kazi zahanati hapa Dar, na tangu video za kukuza nywele kwa kitunguu saumu na tangawizi zianze kusambaa, kila mara kuna mtu anafungua mtandio mbele yangu chumba kizima kinanuka mchuzi. Maswali ni yale yale, nayajibu hapa nipumue.

Si vitu vya asili jamani, vinadhuru vipi?

Upupu nao ni wa asili. Saumu mbichi ikipondwa inatoa kemikali kali, ndo ile inayokuchoma ulimi ukiitafuna, sasa ikikaa masaa kwenye ngozi inaunguza hadi malengelenge. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi jino bovu, hivyo ujue si maji ya kunywa yale. Alovera nayo watu wanasaga jani zima na maganda yake, wakati ule utomvu wa njano wa chini ya ganda ndo unaowasha, unatakiwa uuchuruzishe wote kwanza ubaki na ute wa ndani. Na limao ukipaka ukatoka juani, linaweza kukuachia madoa meusi kwenye paji la uso.

Ila kikiwasha si ndo kinaamsha mizizi ya nywele?

Hapana. Ngozi inayowaka moto ni ngozi inayoungua, hamna kuamshwa hapo. Nasema tena maana hili ndo linatuletea wagonjwa: kuwaka sio dawa kuingia. Mtu anahisi moto, anauma meno, anavumilia nusu saa kwa sababu kaambiwa avumilie, na ngozi ikiungua sana ikaacha kovu basi pale nywele haioti tena, yaani ulikuwa unatafuta nywele umepata kipara.

Mbona wanasema kuna utafiti wa kitunguu?

Upo, wa Iraq, 2002, watu 38 tu, na walikuwa wagonjwa wa upara wa mabaka. Baadhi yao walipaka maji ya kitunguu maji, wengine maji ya bomba tu. Hakuna aliyelala na saumu kichwani.

Nikipaka nikavaa mfuko wa nailoni nilale nao je?

Huyu ndo mgonjwa wangu wa juzi. Binti kafanya ritachi Jumamosi, Jumapili kapaka saumu na tangawizi za blenda, kavaa mfuko, kakaza na raba bendi, kalala. Ngozi ya juu ilishachunika kwa dawa ya ritachi halafu unaifungia saumu ndani na joto. Alikuja Alhamisi! Kulikuwa na mstari mwekundu kuzunguka kichwa pale raba ilipopita, na utosini maji ya njano yameganda na nywele zimeshikana humo, kitana hakipiti. Namuuliza siku nne ulikuwa unasubiri nini, anasema alikuwa anapaka asali ipoe. Msipake kitu siku mliyofanya ritachi, wala kesho yake kama huyu, wala siku mliyofumua rasta mkajikuna na kucha. Na mfuko uacheni dukani.

Mtoto ana mapunye, nimpake saumu?

Usimpake. Mapunye ni fangasi na wanaingia hadi ndani ya unywele, kinachopakwa juu hakiwafikii, mtoto anahitaji vidonge kama griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8. Nimemuona mtoto kapakwa saumu, majivu, sijui na mafuta ya taa, analetwa kichwa kina uvimbe unabonyea kama embe lililoiva, usaha unatoka kila tundu la nywele na matezi yamejaa nyuma ya shingo. Angekuja wiki ya kwanza angekula vidonge yakaisha.

Na hina?

Hina ya majani matupu inatoa rangi nyekundu nyekundu. Ikiwa nyeusi tii hiyo ni piko, ina kemikali ya rangi za viwandani, na mzio wake mara nyingi unakuja kesho yake au keshokutwa, unaamka macho yamevimba hayafunguki.

Kichwa kinaniwaka sasa hivi, nifanyeje?

Osha. Usimalizie muda uliosemwa kwenye video. Maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, inamisha kichwa nyuma yasiingie machoni, kama ulichanganya na mafuta tumia sabuni ya mtoto. Basi. Usipake asali, dawa ya meno, wala dawa nyingine ya asili ya kutuliza hii ya asili, na usipige draya.

Nije hospitali lini?

Ukiona malengelenge, majimaji, usaha, nywele zinanyofoka kwa mafungu, homa au uso unavimba, njoo leo. Sio Jumatatu, sio ukimaliza kufumua, sio baada ya shangazi kuangalia, leo. Ukibanwa pumzi au midomo ikivimba, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na uje na hicho ulichopaka kwenye kopo lake, hatukucheki, tunataka kujua tu ni nini.

Kwa hiyo nisipake chochote?

Mafuta ya nazi wengi hayawasumbui. Mafuta ya mnanaa au rozimeri yale ya kichupa kidogo usimimine kavu kavu, weka matone mawili matatu kwenye kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi, paka kwanza ndani ya kiwiko na subiri siku mbili. Saumu pika nayo pilau.