Kusomea maigizo na dansi katika chuo cha sanaa huria: maana yake nini?

Kijana akisema anakwenda Marekani kusomea maigizo na dansi, watu wa nyumbani huelewa kwamba anakwenda kufundishwa kuigiza na kucheza, kama anayekwenda VETA kusomea umeme na kutarajiwa arudi akijua kufunga nyaya. Wapo wanaokwenda kwa mpango huo. Lakini akisema chuo chenyewe ni cha sanaa huria, hesabu inabadilika, na mzazi atakayebeba ada ana haki ya kuelezwa inabadilika vipi.

Chuo cha sanaa huria ni chuo, mara nyingi kidogo, kinachofundisha shahada ya kwanza karibu peke yake, kwa miaka minne, na wanafunzi wengi wanaishi humohumo. Neno sanaa lisikupoteze: kemia, hisabati, uchumi na falsafa zote zimo. Wala usikichanganye na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kazi yake kubwa ni kufundisha watu wakiwa mbali. Tuchukue Amherst, katika jimbo la Massachusetts, kilichoanzishwa mwaka 1821. Kina wanafunzi wapatao 1,900 tu, idadi ambayo baadhi ya sekondari zetu zinaipita.

Pale Amherst mwanafunzi husoma kozi 32, nne kila muhula, na maigizo na dansi yako katika idara moja. Hataulizwa siku ya kwanza anasomea nini. Somo kuu hutangazwa kuelekea mwisho wa mwaka wa pili, na katika vyuo vingi vya aina hii somo hilo humeza kozi 10 hadi 12 hivi. Theluthi mbili zinazobaki ni za mambo mengine: takwimu, Kifaransa, historia ya Afrika, biolojia. Vyuo vingi vina orodha ya maeneo ambayo lazima kila mtu ayaguse. Amherst hakina, kinadai semina moja ya mwaka wa kwanza, na baada ya hapo unajichagulia mwenyewe kwa kushauriana na mwalimu mlezi.

Shahada inayotoka hapo huitwa BA (Bachelor of Arts). Kuna nyingine inayoitwa BFA (Bachelor of Fine Arts), ambayo karibu theluthi mbili ya masomo yake ni sanaa yenyewe, na hii hutolewa zaidi na vyuo vikuu vikubwa na shule maalumu za sanaa kama Juilliard ya New York, ambako mcheza dansi hushinda studio. Tofauti ya herufi moja, lakini ndiyo inayoamua siku yako itakavyokwenda. Mwenye BA asubuhi yuko maabara ya kemia, mchana anasoma tamthilia za Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, na mazoezi ya mchezo yanaanza jioni baada ya chakula, kwa sababu mchana wenzake nao wana vipindi vya fizikia na uchumi.

Kwa hiyo dhana yenyewe ni hii: sanaa za jukwaani zinasomwa kama tawi la maarifa, sawa na historia au biolojia, ila humu sehemu kubwa ya maarifa hupatikana kwa kutenda.

Kutenda huko ni kupana kuliko watu wanavyodhani. Anayesomea maigizo ataigiza, ndiyo, lakini pia ataongoza, ataandika, atachora maleba na kupanga taa. Idara nyingi humtaka kila mwenye somo kuu ashike zamu za nyuma ya jukwaa: kushona, kupaka rangi mandhari, kupanda ngazi kuning'iniza taa, kuendesha mitambo ya sauti. Msimamizi wa jukwaa, yule anayetoa amri ya kila taa kuwaka na kila mtu kuingia, anaweza kuwa binti wa miaka ishirini anayesomea uchumi. Hili si jambo dogo. Kwenye vyuo vikuu vyenye wanafunzi wa shahada ya uzamili, kazi nono za kuongoza na kubuni mara nyingi huwaangukia hao wakubwa. Chuo kisicho nao hakina mwingine wa kumpa, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapewa ukumbi, bajeti ndogo na tarehe, halafu anaachwa ahangaike.

Ukumbi wenyewe mara nyingi ni chumba kilichopakwa rangi nyeusi kila upande, hakina jukwaa la kudumu, viti vinapangwa upya kwa kila onyesho. Kabla ya lolote mwongozaji hujibu swali moja: watazamaji wakae wapi? Aliyekulia kwenye ngoma zinazochezwa katikati ya duara la watu ana jibu moja tayari ambalo wenzake waliozoea pazia jekundu huenda hawajalifikiria.

Upande wa dansi kuna vipindi vya mbinu, ambapo mwili unafundishwa: baleti, dansi ya kisasa, hip hop, na katika vyuo kadhaa ngoma za Afrika Magharibi zikiwa na wapigaji humohumo darasani. Kuna anatomia, kuna historia. Lakini moyo wa jambo, kwa maoni yangu, ni kipindi cha utunzi. Mwalimu anatoa sharti, tuseme dansi ya dakika mbili ambayo miguu haihami, na wiki inayofuata kila mtu analeta alichotunga. Kisha kinakuja kinachowashinda wengi, yaani kuzungumzia kazi ya mwenzako. Vyuo vingi hutumia utaratibu ambao mtunzi wa dansi Liz Lerman aliubuni mwaka 1990. Kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa au kuwapa maana. Pili mtunzi ndiye anayeuliza maswali. Tatu watazamaji wanauliza, lakini maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Hatua ya nne ndipo mtu anaweza kusema "nina maoni kuhusu mavazi, ungependa kuyasikia?" na mtunzi ana ruhusa ya kukataa. Jaribu kuuliza swali lisilo na hukumu ndani yake, utaona jinsi lilivyo gumu. Na ukilimudi, utalitumia kwenye kikao cha bodi ya hospitali kama unavyolitumia studio.

Dansi haikuingia vyuoni kwa mlango wa sanaa. Iliingia kwa mlango wa michezo. Margaret H'Doubler alikuwa amesomea biolojia na alifundisha wasichana mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Chuo kilipomtuma New York mwaka 1916 kuendelea na masomo, aliombwa pia atafute aina ya dansi inayofaa kufundishwa chuoni. Alirudi na njia yake mwenyewe. Aliwalaza wanafunzi sakafuni, ili mwili usishughulike na kusimama, wachunguze kiungo kimoja kimoja kinavyokunja na kuzunguka. Kiunzi cha mifupa kilikuwa kifaa chake cha kufundishia. Hakuwa mchezaji wa jukwaani, wala lengo lake halikuwa kuzalisha wachezaji. Mwaka 1926 Wisconsin kikawa chuo kikuu cha kwanza Marekani kutoa shahada yenye dansi kama somo kuu. Hicho ni chuo kikubwa cha umma, lakini vyuo vidogo vilichukua wazo lake na kulikuza.

Bennington, katika jimbo la Vermont, kilifunguliwa mwaka 1932 kikiwa cha wanawake, na tangu mwanzo sanaa zilikuwa katikati ya ratiba, hazikuwekwa pembeni kama burudani ya jioni. Dansi alikabidhiwa Martha Hill. Mwaka 1934 chuo kikaanzisha shule ya dansi ya kiangazi, na walimu walikuwa Martha Graham, Doris Humphrey, Charles Weidman na Hanya Holm, yaani karibu wote waliokuwa wakiijenga dansi ya kisasa ya Marekani wakati ule. Wanafunzi wengi walikuwa walimu wa mazoezi ya viungo. Walijifunza, wakarudi kwenye shule na vyuo vyao kila pembe ya nchi, wakaandaa madarasa, na baadaye wakayaalika makundi ya dansi yaje kuonyesha. Kwa hiyo sanaa iliyohesabiwa kuwa ya mjini New York ilisambazwa na walimu wa michezo.

Na Juilliard ilipoanzisha kitengo cha dansi mwaka 1951, aliyekabidhiwa ni Martha Hill huyohuyo. Ndiyo maana sishabikii sana ugomvi wa "chuo huria au shule ya ustadi". Mkono uleule ulijenga pande zote mbili.

Udogo wa vyuo hivi pia umevifanya kuwa mahali pa majaribio ambayo kwingine yangekosa ruhusa. Black Mountain, North Carolina, ambako wanafunzi walilima pia shamba, ndiko mtunzi wa muziki John Cage alikofanyia mwaka 1952 onyesho la mashairi, muziki, dansi na michoro vikienda kwa wakati mmoja katika ukumbi wa kulia chakula, na ndiko mtunzi wa dansi Merce Cunningham alikounda kundi lake mwaka uliofuata. Chuo chenyewe kilifungwa mwaka 1957 kwa kukosa fedha. Katika chuo cha Oberlin, Ohio, mwaka 1972, mcheza dansi Steve Paxton aliwapanga wanafunzi wa kiume wagongane na kuanguka juu ya magodoro ya mazoezi. Kutokana na jaribio hilo ikazaliwa dansi ya kugusana na kupeana uzito wa miili, ambayo leo huchezwa katika nchi nyingi. Katika chuo cha Vassar, jimbo la New York, mwalimu Hallie Flanagan aliendesha jumba la maigizo ya majaribio tangu mwaka 1925, na mwaka 1935 serikali ilimchukua kuongoza mradi wa taifa wa kuwaajiri watu wa maigizo waliokosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano wa karibu ni Lupita Nyong'o. Alisomea filamu na maigizo katika chuo cha Hampshire, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1970 na kikajengwa juu ya msingi wa kutotoa alama: badala ya A na B, mwalimu huandika tathmini, na mwanafunzi humaliza kwa mradi mkubwa wa kwake. Kutoka huko ndiko ilikotokea filamu yake ya hali halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino, iliyotoka mwaka 2009. Ona kwamba hakuwa mbele ya kamera. Aliandika, akaongoza, akatayarisha. Mafunzo mazito ya uigizaji aliyapata baadaye, Yale, alikohitimu shahada ya uzamili mwaka 2012. Danai Gurira, aliyekulia Harare, alisomea saikolojia katika chuo cha Macalester, kisha akaenda kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 2016 tamthilia aliyoiandika kuhusu wanawake katika vita vya Liberia ilipanda Broadway, na Nyong'o akiwa mmoja wa waigizaji.

Njia hii ya hatua mbili, elimu pana kwanza na ufundi baadaye, ndiyo ambayo wengi hawaambiwi wanapoomba. Miaka minne ya BA peke yake haikufanyi uwe mwigizaji aliyeiva. Hatua ya pili ni ghali, ingawa shule ya maigizo ya Yale haitozi ada ya masomo tangu mwaka 2021.

Kuna ambao njia hii haiwafai kabisa. Anayetaka kucheza baleti kwa kazi asipoteze muda: makundi makubwa huchukua vijana wa miaka 18 au 19, na mwili hausubiri umalize kozi ya takwimu. Kwa anayetaka kuingia jukwaani haraka akiwa na ustadi wa ngoma na uigizaji wa kwetu, mafunzo ya vitendo ya TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yatamfaa zaidi, tena kwa gharama isiyolinganishika. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho kitaaluma tangu miaka ya 1960, hivyo wazo la kuzisoma sanaa hizi kama elimu hatulisikii leo.

Gharama zinatisha. Mwaka mmoja Amherst, ukijumlisha ada, chumba na chakula, unapita dola 80,000 kabla ya msaada. Ahueni ni kwamba Amherst, na chuo kingine cha aina hii, Bowdoin, tangu mwaka 2022, huamua kumpokea mwombaji, hata wa kigeni, bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha hugharamia pengo la mahitaji yake. Vyuo vya namna hiyo ni vichache. Vingi huangalia mfuko wa mgeni kabla ya kumkubali. Pia, mhitimu wa kigeni wa maigizo huruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12, wakati aliyesomea kompyuta au uhandisi anaweza kuongezewa mingine 24. Anayebeba masomo makuu mawili, na vyuo hivi vinaruhusu, mara nyingi ameshaipiga hesabu hiyo.

Kuomba nafasi kwenyewe hakuhitaji usaili wa kuigiza katika vingi vya vyuo hivi, kwani unaomba chuo, huombi idara; video ya kazi yako unaweza kuiongeza ukipenda. Maswali ya kukiuliza chuo kabla ya kutuma maombi ni mengine. Maonyesho ya mwaka uliopita yaliongozwa na nani, walimu au wanafunzi? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kugombea nafasi ya kuigiza, au anasubiri zamu? Vipindi vya mbinu ni mara ngapi kwa wiki? Ngoma za Kiafrika zinafundishwa na nani, na ni somo lenye hatua za mbele au ni kipindi kimoja cha kuonja? Na waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa: si yule mmoja aliyepata jina, bali darasa zima.