Kuzipu siyo kupunguza

"Zizipu ziwe ndogo." Hii ni mara ya nne mwezi huu naambiwa hivyo na bosi, safari hii kuhusu picha tisa za simu, jumla MB 38. Nikazizipu. Zikatoka MB 37 na ushei, barua pepe ikazikataa vilevile, na mimi ndiye nikaonekana sijui kompyuta.

Kubana faili ni kuiandika data ileile kwa nafasi ndogo zaidi. Basi. Ugomvi wangu uko kwenye hiyo zipu.

Wengi wanaifikiria zipu ya begi: ukiivuta, vilivyomo vinabanana. Ile alama ya folda yenye zipu katikati ndiyo imezidi kuwapoteza. Phil Katz, Mmarekani aliyetoa PKZIP, programu iliyoanzisha faili za ZIP, mwaka 1989, hakuwaza begi. Jina alipendekezewa na rafiki yake, Robert Mahoney, kwa maana ya kwenda kasi, maana walitaka watu waone programu yao inaipita mbio ARC, programu nyingine ya kubana faili. Suruali haikuhusika kabisa.

ZIP hubana kama belo la mitumba. Kata mikanda, mashati yote yapo, hakuna kifungo kilichopotea. Jedwali la majina na anwani hunywea sana, kwa sababu "Dar es Salaam" ikijirudia, ZIP haiiandiki upya. Inaweka alama fupi ya kurudi nyuma ilikokwisha kuandikwa.

JPEG, mtindo wa kuhifadhi picha unaotumiwa na simu nyingi, kiwango kilichopitishwa mwaka 1992, ni mpishi mwenye nazi: anakamua tui, chicha anatupa. Vile vijitofauti vya rangi ambavyo jicho halivishiki vizuri vinaachwa, na havirudi tena. Halafu kilichobaki JPEG yenyewe inakifunga belo. Kwa hiyo kuzipu picha ya simu ni kufunga belo juu ya belo. Hewa ya kutoa haipo. (Zipu ina faida yake: picha tisa zinakwenda kama faili moja. Lakini uzito ni uleule.)

Kinachopunguza ni vipimo. Picha ya pikseli (vile vinukta vinavyoiunda) 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ifanye 1600 kwa 1200, zinabaki pungufu ya milioni 2, na kwenye skrini ya ofisini huoni tofauti. Tena usijaze mpaka ukingoni: kiambatisho husafiri kikiwa kimegeuzwa herufi, na kugeuzwa huko hukinenepesha kwa theluthi hivi. Faili la MB 20 linaweza kurudishwa na seva yenye kikomo cha MB 25, nawe ukabaki unalaumu bando.

Zile picha, bosi, nimekutumia tena jana jioni, zote tisa hazifiki MB 4. Sikuzizipu. Nadhani ulitaka kusema "zipunguze".